Bunduki nambari C2766 na hifadhidata iliyokatazwa kutafuta majina

Nilikuwa nimenyamaza kwa muda kwa sababu ya kazi, na leo narudi na hadithi iliyotokana na kazi hiyo hiyo. Ni hadithi ya historia, ina bunduki na majasusi ndani yake, lakini inaanzia getini.

Kila Mkenya anayeishi mjini analijua daftari la getini. Ukienda kumtembelea mtu kwenye ploti, askari anakusukumia kitabu na kalamu iliyofungwa kwa uzi: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, nyumba unayokwenda, saa ya kuingia. Mwaka jana kamati ya wakaaji wa ploti moja hapa Nairobi iliniomba nigeuze daftari lao liwe programu. Kazi yenyewe ilikuwa ya wikendi mbili: jedwali la wageni, jedwali la nyumba, basi. Siku ya kuwaonyesha, mwenyekiti, mzee mpole tu, akaniuliza: "Kijana, nikiandika jina la mtu hapa, naweza kuona nyumba zote alizowahi kuingia?"

Kuandika jambo hilo ni mstari mmoja wa programu. Hata hivyo nilisita, na sikuweza kumweleza mzee sababu. Usiku ule nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma: huko Marekani kuna hifadhidata yenye rekodi mamia ya milioni ambayo kwa sababu ya sheria haitafutwi kwa jina. Nikaanza kuchimba. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze tarehe 22 Novemba 1963. Rais John F. Kennedy amepigwa risasi mjini Dallas, Texas, na polisi wamekuta bunduki kwenye ghorofa ya sita ya ghala la vitabu. Ni bunduki ya kijeshi iliyotengenezwa Italia, imechongwa nambari C2766. Hakukuwa na daftari la taifa la kuuliza ni ya nani. Maofisa wa FBI walikwenda kwa kampuni ya Crescent Firearms ya New York, iliyokuwa ikiuza bunduki za aina hiyo kwa jumla. Vitabu vyake vikaonyesha kwamba C2766 ilipelekwa Klein's Sporting Goods, duka la Chicago lililouza bidhaa kwa njia ya posta. Wafanyakazi wa duka wakakesha na maofisa wakipitia mikanda ya maikrofilamu, oda baada ya oda, na kabla hakujapambazuka tarehe 23 wakaiona: mteja A. Hidell, sanduku la posta 2915, Dallas, dola 21.45 pamoja na gharama ya kutuma. Hidell lilikuwa jina bandia la Lee Harvey Oswald.

Sisi tunaoandika programu tutaona mara moja mfumo uliotumika hapo. Habari haikukaa mahali pamoja. Muuzaji wa jumla alijua alimwuzia nani, na duka likajua lilimwuzia nani. Ni mnyororo, pete baada ya pete, na hakuna mwenye mnyororo mzima mkononi. Angalia pia upande ambao swali linaweza kwenda. Ukiwa na bunduki unaweza kumfikia mtu. Ukiwa na mtu na unataka kujua bunduki zake, itakubidi usome kila kitabu cha kila duka nchini. Shika hilo, maana hadithi yote iliyobaki inalizunguka.

Je, Marekani haikuwa na usajili kabisa? Ilikuwa nao kiasi. Sheria ya Silaha ya Taifa ya mwaka 1934, iliyotungwa baada ya miaka ya magenge ya akina Al Capone, iliagiza usajili wa bunduki za rashasha, shotigani zilizokatwa mtutu na vifaa vya kuzima mlio, pamoja na kodi ya dola 200. Bastola zilikuwemo kwenye mswada wa kwanza, zikaondolewa kabla haujapita.

Sheria hiyo ilikuja kukwama mahali ambapo wengi hawakutarajia. Mtu mmoja, Haynes, alishtakiwa kwa kuwa na shotigani iliyokatwa ambayo haikusajiliwa. Akajitetea kwamba kwa watu wa aina yake, kwenda kusajili ni sawa na kwenda kukiri kosa mbele ya serikali, na Katiba inasema hakuna anayelazimishwa kujishuhudia dhidi yake mwenyewe. Januari 1968 Mahakama ya Juu ilikubaliana naye, majaji 7 kwa 1. Tafakari: daftari liliwabana raia watiifu, na mhalifu akawa na kinga ya kikatiba ya kutojiandikisha! Baadaye mwaka huo huo Bunge lilirekebisha sheria kwa kuandika kwamba taarifa anayoitoa mtu wakati wa kusajili haitatumika kumshtaki kwa kosa alilokwisha kulifanya. Mwaka 1971 mahakama ikaukubali mpango huo mpya. Kilicholiokoa daftari ni kuwekewa mpaka wa matumizi. Bila mpaka huo lisingeweza kutekelezwa dhidi ya watu wale wale lililowalenga.

Mwaka huo wa 1968 waliuawa pia Martin Luther King na Robert Kennedy, na tarehe 22 Oktoba Rais Lyndon Johnson akatia sahihi Sheria ya Kudhibiti Bunduki. Sheria hiyo ilizuia mtu wa kawaida kununua bunduki kwa posta kutoka jimbo jingine, kama alivyofanya Oswald. Iliwataka wauzaji wawe na leseni na watunze rekodi za kila mauzo. Johnson alikuwa ameomba zaidi ya hapo. Alitaka bunduki zote zisajiliwe kitaifa na wenye bunduki wawe na leseni. Bunge lilimnyima, naye alilalamika hadharani siku ile ile ya kutia sahihi. Kwa hiyo mnyororo wa mwaka 1963 uliwekwa kwenye sheria jinsi ulivyokuwa: karatasi zinabaki dukani.

Miaka 10 baadaye kompyuta zilikuwa zimeshaingia ofisini. Mwaka 1978 idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, ATF, ilipendekeza wauzaji watume taarifa za mauzo kila robo mwaka ziingizwe kwenye kompyuta, bila majina ya wanunuzi wa kawaida. Bunge lilishtuka. Lilikata dola milioni 4.2 kutoka bajeti ya idara hiyo, kiasi ambacho kazi hiyo ingegharimu, na likakataza fedha za umma zisitumike kukusanya rekodi hizo mahali pamoja. Mwaka 1986 katazo likawa sheria kamili iliyotiwa sahihi na Rais Ronald Reagan: serikali kuu isitunge kanuni ya kuanzisha mfumo wowote wa kusajili bunduki, wenye bunduki au mauzo ya bunduki. (Sheria hiyo inaihusu serikali kuu. Baadhi ya majimbo, kwa mfano Hawaii, yana usajili wao.)

Kwa nini hofu kubwa namna hiyo? Wapinzani wa usajili hupenda kutaja Ujerumani, ambako amri ya tarehe 11 Novemba 1938 iliwanyang'anya Wayahudi silaha zote siku chache baada ya masinagogi kuchomwa. Wamarekani, hata hivyo, wana mfano wa nyumbani ambao kwangu una uzito zaidi, na hauna bunduki ndani yake. Sensa ya mwaka 1940 ilifanywa kwa ahadi ya siri. Mwaka 1942 sheria ya vita ikaondoa ulinzi huo, na takwimu za sensa zikatumika kuonyesha mitaa walikokaa watu wenye asili ya Japani. Watu wapatao 120,000 walikusanywa wakapelekwa kambini, wengi wao wakiwa raia. Mwaka 2000 mkuu wa idara ya sensa aliomba radhi. Aliyejaza fomu mwaka 1940 hakudanganywa siku ile. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila ilikaa kwenye sheria, na sheria hubadilishwa kwa kura ya siku moja.

Sasa twende Martinsburg, West Virginia. Hapo ndipo kilipo kituo cha taifa cha kufuatilia bunduki, na kila mwandishi wa programu anayesoma habari zake hushika kichwa. Muuzaji mwenye leseni akifunga biashara, sheria inamtaka apeleke rekodi zake serikalini. Zinafika kwenye maboksi, nyingine zimeandikwa kwa mkono, na zinapigwa picha kuingizwa kwenye kompyuta. Zinabaki picha tu. Maandishi yake hayawezi kutafutwa. Polisi wakiokota bunduki kwenye tukio la mauaji, mfanyakazi wa kituo hupiga simu kwa mtengenezaji, kisha kwa muuzaji wa jumla, kisha kwa duka. Duka likiwa limefungwa, hufungua picha za duka hilo na kuzipitia ukurasa kwa ukurasa kwa macho yake. Mwaka 2021 rekodi hizo zilikuwa zimepita milioni 900. Wale wafanyakazi wa Klein's wangeingia humo leo wangeielewa kazi bila kufundishwa.

Ukweli ni kwamba ucheleweshaji huo ndio unaotumika kama kufuli. Mtu anaweza kuondoa katazo kwenye karatasi kesho asubuhi, lakini hawezi kuziandika upya picha milioni 900 zisomeke na mashine kabla ya chakula cha mchana. Ila lazima niseme pia kwamba kufuli hiyo inazeeka. Programu za kusoma maandishi kwenye picha zilizoshindwa na mwandiko wa mkono miaka 20 iliyopita zinaumudu vizuri sana siku hizi. Ulinzi uliotegemea ugumu wa kazi huyeyuka kazi ikirahisika.

Gharama ya mpango huu ni kubwa na sitaificha. Oktoba 2002 watu 10 waliuawa kwa kuviziwa na mpiga risasi wa mbali katika vitongoji vya Washington, kwenye vituo vya petroli na maegesho ya maduka makubwa. Baada ya John Allen Muhammad na kijana Lee Boyd Malvo kukamatwa tarehe 24, bunduki yao ilifuatiliwa. Mnyororo ulifika kwenye duka moja la Tacoma, upande wa pili wa nchi, ukakatikia hapo. Duka halikuwa na rekodi ya kuiuza, na ukaguzi ulionyesha kwamba bunduki zaidi ya 200 hazijulikani zilikokwenda. Mfumo unaotegemea kila duka litunze kitabu chake ni imara kama duka zembe kuliko yote. Na mwaka 2021 pekee watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, zaidi ya nusu wakiwa wamejiua. Anayesema uhuru una thamani ni lazima ataje na nambari hiyo.

Halafu likaja suala la ujasusi, na hapo hadithi ikapinda. Tangu Novemba 1998 mnunuzi wa bunduki dukani hukaguliwa na kompyuta ya FBI, na kompyuta hiyo ilikuwa ikiweka kumbukumbu ya ukaguzi kwa muda. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, FBI walitaka kulinganisha majina ya watu waliokamatwa na kumbukumbu hizo, kujua kama kuna aliyenunua bunduki. Wizara ya Sheria chini ya John Ashcroft ilikataa, ikisema sheria hairuhusu. Mwaka 2004 Bunge liliagiza kumbukumbu ya mtu aliyeruhusiwa kununua ifutwe ndani ya saa 24.

Linganisha na jambo la pili la majira yale yale. Tarehe 26 Oktoba 2001 ilipitishwa Sheria ya Patriot, ambayo kifungu chake cha 215 kiliwapa FBI njia ya kudai "kitu chochote" kutoka kwa biashara yoyote kwa amri ya mahakama ya siri. Wakutubi walilalamika kwamba orodha za vitabu walivyoazima watu zingeweza kuchukuliwa. Sheria ilipohuishwa mwaka 2006, rekodi za maktaba ziliwekwa katika orodha ya vitu vinavyohitaji kibali cha wakubwa wa FBI. Ndani ya orodha hiyo hiyo, pamoja na rekodi za matibabu na za shule, zilikuwemo rekodi za mauzo ya bunduki. Msomaji wa riwaya na mwenye bastola wakajikuta kwenye sentensi moja.

Juni 2013, kupitia Edward Snowden, dunia ilijua kifungu cha 215 kilivyotumika: kampuni ya simu ya Verizon ilikuwa imeamriwa kukabidhi kila siku rekodi za simu za wateja wake, yaani nani alimpigia nani, lini na kwa muda gani. Chama cha kutetea haki za raia, ACLU, kilikwenda mahakamani. Septemba mwaka huo kilipata rafiki ambaye wachache walimtarajia: NRA, chama kikuu cha wenye bunduki. Hoja ya NRA ilikuwa ya kifundi kabisa. Walisema serikali iliyo na rekodi zote za simu inaweza kuona nani hupigia maduka ya bunduki, nani hupigia viwanja vya kulenga shabaha, nani hupigia NRA yenyewe. Hilo tayari ni daftari la wenye bunduki, hata kama hakuna jedwali lenye jina hilo. Katazo la mwaka 1986 limezungukwa kwa mlango wa nyuma.

Nilipofika hapo niliinuka nikaenda kuchemsha chai. Miaka yote nimesikia mjadala wa bunduki wa Marekani kama ugomvi wa mirengo miwili isiyopatana. Lakini kwenye swali la nani anaweza kumtafuta nani, mirengo hiyo ilikaa upande mmoja wa mahakama.

Mei 2015 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kwamba sheria haikuruhusu ukusanyaji ule. Juni ikapitishwa sheria mpya: rekodi zibaki kwa kampuni za simu, na serikali iulize nambari moja moja kwa kibali. Umeiona? Ni mnyororo ule ule wa bunduki! Rekodi ikae kwa aliyeuza, na mwenye swali aje abishe hodi. Wala huo haukukosa matundu. Juni 2018 idara ya ujasusi NSA ilitangaza kwamba inafuta rekodi zote za simu ilizokusanya tangu mwaka 2015 chini ya mpango huo, kwa sababu kulikuwa na hitilafu za kiufundi na imepokea nyingine isizostahili. Hata ATF, wakaguzi wa serikali waliripoti mwaka 2016 kwamba majina ya wanunuzi yaliyopaswa kufutwa baada ya miaka 2 yalikuwa bado yamo. Kufuta ni kazi inayohitaji mtu wa kuisimamia, la sivyo haifanyiki.

Mtu ataniuliza, na wale waliochagua njia ya pili? Jirani Kanada alijenga. Sheria ya mwaka 1995 iliagiza bunduki zote zisajiliwe kwenye hifadhidata moja ya taifa. Serikali ilisema gharama halisi kwa mlipa kodi itakuwa dola milioni 2 za Kanada. Mwaka 2002 mkaguzi mkuu aliripoti kwamba ingepita bilioni 1. (Waliowahi kufanya mradi wa programu wa serikali wasicheke sana.) Mwaka 2012 Bunge liliufuta usajili wa bunduki za mtutu mrefu na kuamuru data iharibiwe. Jimbo la Quebec liliomba liachiwe sehemu yake, likashindwa mahakamani Machi 2015 kwa majaji 5 kwa 4. Kati yao kulikuwa na polisi walioona wameporwa chombo, na wawindaji walioona wameondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Sidhani mmoja wao alikuwa mjinga.

Narudi getini. Baada ya kusoma haya yote nilielewa kwa nini nilisita. Daftari la karatasi lilikuwa linajibu swali moja tu: jana usiku nani aliingia? Mtungi wa gesi ukiibwa, askari anafungua ukurasa wa jana na kusoma. Swali la mzee lilikuwa la upande wa pili, kutoka kwa mtu kwenda kwa maisha yake: mama wa nyumba fulani hutembelewa na nani, kijana fulani hulala wapi. Daftari lilikuwa na habari hizo siku zote, ila hakuna aliyekuwa na subira ya kufunua kurasa 400. Mimi ndiye niliyekuwa natakiwa kumpa mtu subira hiyo.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, inayosema taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja isitumike kwa jingine lisiloendana nalo. Ni sheria nzuri. Lakini kati ya sheria na kitufe cha kutafuta kuna mtu anayekaa mbele ya kompyuta usiku, na mara nyingi mtu huyo ni sisi.

Nilimwambia mzee kwamba programu itatafuta kwa tarehe na kwa saa, haitatafuta kwa jina, na kila rekodi itajifuta baada ya siku 30. Hakufurahi, ila alikubali. Miezi miwili baadaye mkaaji mmoja alirudi kutoka safari ndefu akakuta laptopu yake imeibwa. Ilipohesabiwa, siku aliyoondoka ilikuwa imepita siku 41. Mzee alinipigia simu. Hakugomba, aliuliza tu: "Sasa kijana, tumesaidika nini?"

Nilimwambia tuongeze ziwe siku 60, na kutafuta kwa jina kubaki kumefungwa. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Yule aliyeibiwa bado tukikutana kwenye ngazi hanisalimii, na siwezi kumlaumu.

Wewe ungeandikaje jedwali hilo? Tuonane tena panapo majaliwa.